Taa ya Njano Kwenye Gari la Maiti

Kama ulinisoma juma lililopita, unajua uliniacha wapi: nimesimama kando ya barabara, mikono kwenye usukani, macho kwenye kitaa cha njano chenye umbo la injini, kitaa ambacho hakikuwahi kuwaka tangu gari lile liwe langu.

Kama hukunisoma, hujachelewa. Mikosi yangu haina mwanzo wala mwisho unaoeleweka. Unaweza kuingilia popote.

Kwa kifupi ni hivi. Mimi ni dereva wa maiti. Zamani niliendesha lori la kiwanda, kiwanda kikafungwa. Mke wangu alishika mimba tuliyoisubiri kwa maisha yetu yote ya ndoa, ikatoka, na daktari akatuambia kwa upole tusihangaike tena. Nilipokuwa sina mbele wala nyuma, mama mmoja mwenye kampuni ya mazishi akanichukua pamoja na gari langu refu, lile la nyuma tambarare. Tulimwita Mama Pole, maana mdomo wake haukufunguka bila neno hilo kutangulia.

Halafu akaja Nusu.

Nusu ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Alisomea useremala nusu, akaacha. Akajifunza kushona nusu, akaacha. Alichumbia, akaishia njiani. Hata ndevu zake, mtu mzima yule, ziliota zaidi upande wa kushoto. Jina alipewa na mtaa, na yeye akaliitikia bila kinyongo.

Wazazi wao walifariki yeye akiwa bado anatambaa. Mke wangu, mwenyewe bado msichana, ndiye aliyembeba mgongoni na kumlisha. Kwa hiyo kwangu alikuwa shemeji, lakini moyoni mwa mke wangu alikuwa mtoto wa kwanza na wa mwisho.

Safari hii alikuwa amejishikiza kwenye gereji. Akalisikiliza gari langu likipanda mlima, akasema linapumua kama mtu mwenye mafua. Akanunua kwa mshahara wake bomba jipya la hewa, pana, linalong'aa, lenye chujio jekundu mfano wa pia ya kuchezea watoto. Akalitoa lile boksi jeusi la hewa lililokuja na gari, akafunga la kwake. Boksi la zamani akampa mnunuzi wa vyuma chakavu, nalo likaenda zake. Hayo niliyasimulia.

Ambalo sikulisimulia ni kwamba alipokaza klipu ya mwisho, mke wangu aliyekuwa amesimama mlangoni alijifuta machozi na ncha ya khanga. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Amemaliza kitu."

Sasa tuendelee.

Siku ile taa ilipowaka nilirudi nyumbani nimefura. Taa peke yake ningeivumilia. Kulikuwa na mlio pia. Kila nilipokanyaga mafuta, gari lilivuta hewa kwa kishindo, likanguruma kama linashindana. Mjane mmoja alikuwa ameniuliza, machozi yakimtiririka, kama mumewe anapelekwa kaburini au kwenye mashindano ya magari. Watu walicheka msibani. Mama Pole hakucheka.

Nikamwambia mke wangu bomba lile litoke, nitatafuta boksi jingine kama la zamani. Aliendelea kuchambua mchele kama hakunisikia. Baadaye akasema kwamba nikilitoa, nimwambie mwenyewe Nusu, tena uso kwa uso, maana yeye hana kinywa cha kumwambia mdogo wake kuwa hata hili limeharibika.

Nikakosa kinywa na mimi.

Kesho yake nilimchukua Nusu tukaenda kwa Mama Waya. Huyu ni fundi wa umeme wa magari, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye gereji yake ni chumba kimoja chenye rafu za makopo na ua wa mbele uliolowa oili. Wanaume hupanga foleni kwake. Hasalimii mteja kabla ya kufungua boneti.

Alichomeka mashine yake chini ya usukani, ile ya kuzungumza na kompyuta ya gari. Akasema kuna kodi mbili. Nikashtuka, nikadhani hata gari sasa linadaiwa kodi kama nyumba. Akanitazama kwa huruma, akanieleza kwamba kodi ni alama za siri ambazo gari huandika likiumwa, kama mgonjwa asiyeweza kusema anavyoonyesha kwa kidole.

Alama ya kwanza ilisema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Ya pili ilisema sensa ya hewa inatoa hesabu isiyoaminika.

Alieleza taratibu, nami nikaelewa kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya udereva. Ndani ya bomba la hewa hukaa sensa, kidude chenye uzi mwembamba kuliko unywele. Kazi yake ni kupima hewa inayoingia ili kompyuta imwage mafuta yanayolingana nayo. Hewa ikipenya mlango wa nyuma bila kupimwa, mafuta yanapungua, na injini inabaki kutafuna chakula kikavu bila mchuzi.

Akaingiza mkono chini ya bomba jipya, akatoka na kimpira kilichokuwa kinaning'inia, hakikuchomekwa popote. Ndio mlango wa nyuma wenyewe. Halafu akaichomoa sensa, akatuonyesha. Chujio jipya lilipakwa mafuta mengi mno, nayo yalikuwa yameurukia ule uzi.

Nusu aliinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kofi.

Mama Waya akamwambia ainue uso. Alisema kazi yake ni safi, klipu zimekaa vizuri, kipimo cha bomba si kibaya, ila amesahau mpira mmoja, na hata yeye mwenyewe ana mipira aliyoisahau kwenye magari ya watu. Kisha akachukua kopo rafuni, akaipulizia sensa mpaka ikang'aa, akaipangusa, akairudisha. Mpira akauchomeka. Kodi akazifuta.

Taa ikazimika.

Nusu alitabasamu njia nzima. Aliniomba nikanyage mafuta asikie, nikakanyaga, na kusema kweli lile gari lilikwenda. Aliniuliza kama anaweza kufuatana nami kwenye kazi ya kesho, asikilize injini ikiwa na mzigo. Nikakubali. Mke wangu alipika mapema siku hiyo, tukala watu watatu tunacheka. Nimejaribu kukumbuka tulichokuwa tunakicheka, sikipati.

Marehemu wa siku iliyofuata alikuwa mkunga mstaafu. Mji mzima ulitoka. Wengi wa waliofuata nyuma ya gari langu walipokelewa na mikono yake walipozaliwa, na walitembea kwa miguu, polepole, kwa sababu yeye ndiye aliyetaka hivyo.

Mbele tulikaa watatu: mimi, Nusu katikati, na mtoto mkubwa wa marehemu dirishani, mwanamume mwenye mvi aliyeshika picha ya mama yake mapajani.

Makaburi ya kwetu yako juu ya kilima. Tulipoanza kupanda, gari likatikisika mara moja, kidogo tu, kama mtu anayesafisha koo. Nusu akatega sikio. Nikabadilisha gia. Likatikisika tena, safari hii kwa nguvu, na taa ya njano ikawaka, ikaanza kupepesa.

Nikakanyaga mafuta. Badala ya kupanda, gari likakosa nguvu kabisa, likaruka-ruka, na nyuma yetu tukasikia jeneza likiteleza na kugonga mlango.

Kisha likazima.

Nilivuta breki ya mkono. Nikawasha. Likakohoa, likazima. Nikawasha tena mpaka betri ikaanza kulia. Nyuma yetu msafara wote ulikuwa umesimama kwenye jua, na wimbo waliokuwa wakiuimba ulikufa safu kwa safu, kuanzia wa mbele hadi wa mwisho.

Nusu alishuka, akafungua boneti. Alishika hiki, akashika kile, akauchomoa mpira na kuuchomeka tena, akaungua mkono kwenye bomba la moto na hakuutoa upesi. Watu walimzunguka. Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu wangemtukana.

Mtoto wa marehemu alisubiri kwa adabu. Mwisho alishuka, akampa dada yake ile picha, akaniambia, "Mama yangu hakuwahi kumchelewesha mtu."

Wakalitoa jeneza. Wanaume wakaingia chini yake, wakaanza kulipandisha kilima kwa mabega. Mmoja alijikwaa, jeneza likainama upande, na wanawake wote wakatoa sauti moja. Sauti ile bado ninayo masikioni ninapoandika.

Mama Pole alikuwa amefika. Alinitazama, akalitazama gari, akalitazama lile bomba linalong'aa ndani ya boneti. Alisema, "Pole sana," kisha akamalizia, "kesho usije."

Ndipo nilipomgeukia Nusu.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nilikuwa na hasira, jua lilikuwa kali, nilikuwa nimeaibishwa. Yote ni kweli na hayasaidii. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na wengi walisikia. "Humo kwenye jeneza ungelala wewe, dunia isingepungukiwa na kitu."

Nusu alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akashusha boneti taratibu, akaibonyeza mpaka ikashika.

"Sawa, shemeji," akasema.

Akaanza kushuka kilima, wakati watu wengine wote wanapanda.

Nilidhani anakwenda nyumbani kunishtaki kwa dada yake. Kwa hiyo mimi sikwenda nyumbani. Nilimpata mwenye lori, akanifunga kamba, akanikokota hadi kwa Mama Waya. Njiani nilipanga maneno yote nitakayomwambia mke wangu, na katika maneno hayo yote mkosaji alikuwa Nusu.

Mama Waya alichomeka mashine. Akasoma. Akakunja uso, akazima, akasoma upya.

Safari hii hapakuwa na habari ya hewa nyingi wala mafuta machache. Kodi ilisema sensa yenyewe imekufa.

Aliichomoa, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Alikaa pale muda mrefu, amenipa mgongo. Nikamuuliza bomba limefanya nini tena. Akapita mbele yangu bila kujibu, akaenda kwenye rafu, akashusha kopo lile la jana. Akaligeuza, akasoma maandishi yake. Akashusha na la pembeni yake, la rangi hiyohiyo, akalisoma nalo.

Alikaa kwenye tairi kuukuu.

"Ni mimi," alisema.

Kopo alilotumia lilikuwa la kusafishia breki. Dawa kali. Kwenye breki haina neno, lakini kwenye ule uzi mwembamba imekula utando wake. Ilichukua mpaka asubuhi, na mpaka gari libebe mzigo na kupanda, ndipo uzi ukashindwa. Sensa ikaanza kutoa hesabu za uongo, kompyuta ikaziamini, mafuta yakakatika.

Hakutaka niamini kwa mdomo tu. Alitoa sensa kwenye gari la mteja mwingine la aina ileile, akaifunga kwangu. Akawasha.

Gari likawaka kwa mguso mmoja. Likatulia, likinong'ona. Akakanyaga mafuta, mlio ukapanda na kushuka bila kukwaa. Bomba la Nusu lilikuwa palepale, na kitaa cha njano hakikuonekana.

Mama Waya alizima. Alisema kwa bomba lile gari lingenitumikia mpaka bodi yake ioze. Alisema ataninunulia sensa, na atakwenda mwenyewe kwa Mama Pole na kwa wafiwa kuwaeleza ukweli, hata kama ndio mwisho wa jina lake mjini. Kisha akauliza yule kijana yuko wapi, maana kabla ya wote hao anataka kumwomba radhi yeye.

Nilimwambia yuko nyumbani.

Niliendesha kurudi, na gari halijawahi kwenda vizuri namna ile. Niliapa nitamwomba msamaha mbele ya dada yake. Nikiweza nitamshika miguu. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia, na kila neno nililolipata lilionekana dogo.

Mlangoni nilimsikia mke wangu akiimba.

Naomba unielewe hapa. Mke wangu hakuwa ameimba tangu tulipotoka hospitali ile tulikoambiwa tusihangaike tena. Alikuwa anapiga deki, miguu mitupu, khanga ameifunga kiunoni, na uso wake ulikuwa na nuru ya mtu aliyepokea barua njema. Aliponiona aliweka tambara chini, akaja, akanishika mikono yote miwili ingawa imejaa oili.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

Nikadhani habari za kilimani zimemfikia. Nikafungua kinywa nianze. Lakini yeye alikuwa anatabasamu.

Akanieleza. Nusu alikuwa amerudi mchana. Alioga, akanyoa ndevu zile zote, akapiga pasi shati lake. Alifagia chumba chake mpaka uvunguni, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Akala, akasifu chakula. Halafu akamwambia dada yake kwamba kimya kimya shemeji amemtafutia kazi kwa mtu fulani, mbali, na kwamba anatakiwa kuondoka leo hiihii. Alisema shemeji sasa anamwona kama ndugu wa tumbo moja. Alisema nisitafutwe kazini, nitarudi na kueleza mwenyewe.

Alimkumbatia dada yake kwa muda mrefu, mpaka mke wangu akamtania kuwa haendi vitani.

Vifaa vyake vya gereji aliniachia mimi. Simu pia aliiacha; alidai huko aendako atapewa nyingine.

"Miaka yote hii nilidhani unamvumilia kwa ajili yangu," mke wangu akasema. "Nisamehe. Sikukujua."

Nilitazama juu ya bega lake. Mlango wa chumba cha Nusu ulikuwa wazi. Kitanda kilitandikwa, shuka limevutwa likanyooka kama la hospitali. Kwenye meza simu yake imelala, imezimwa. Sakafu ilikuwa safi kiasi kwamba mtu angedhani hakuna aliyewahi kuishi mle.

Nilitaka kugeuka, niingie kwenye gari, nizunguke kila stendi, kila daraja, kila kichaka. Lakini ili nigeuke ilinipasa kwanza niseme kwa nini, na mikono ya mke wangu ilikuwa bado imeshika ya kwangu, ya moto, imelowa maji ya deki.

"Ni nani huyo mtu?" akauliza. "Anakaa wapi? Atamtunza?"

Ilitakiwa sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni.

"Ni mtu mwema," nikasikia sauti yangu ikisema. "Atamtunza."

Alifumba macho kidogo, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu alipokuwa msichana mwenye mtoto mgongoni. Halafu akakausha mikono kwenye khanga, akaingia chumbani kwa mdogo wake, akatoka na simu. Akaiwasha. Akanikabidhi.

Aliniomba nimpigie huyo mtu mwema, sasa hivi, ili yeye mwenyewe amshukuru.